Nimeitikia kwa Kichwa na Sijui Nimekubali Nini

Mpendwa mshauri,

Shikamoo, na kama mimi ndiye niliyekutangulia kuzaliwa basi hesabu kwamba umeshanisalimia na nimeitikia. Naomba unisaidie haraka, kwa sababu nimekubali jambo kubwa na sijui ni jambo gani, na kila siku watu wananipongeza kwa hilo jambo na mimi nawaambia asanteni sana.

Mimi ni fundi cherehani, nashona suruali na makoti, na mke wangu naye ni fundi, anashona magauni na sare za shule, tuna duka letu la chumba kimoja chenye dirisha kubwa, na cherehani zetu mbili tumezipanga zitazamane ili kila mtu apate mwanga, kwa hiyo kwa miaka kumi na minne nikiinua macho namwona yeye na yeye akiinua ananiona mimi, na ndivyo tunavyoongea kutwa nzima. Labda hujawahi kukaa na mafundi, kwa hiyo ngoja nikueleze, fundi akiwa kazini mdomo wake umejaa pini, sita, saba, siku nyingine kumi, huwezi ukaanza kupiga domo maana utazimeza, kwa hiyo sisi tuna lugha yetu, kuitikia kwa kichwa ni ndiyo, kuguna mara mbili ni hapana, kuinua nyusi ni sema tena sijaelewa, na kwa lugha hiyo tumelea watoto wawili, tumeamua mambo ya nyumba na ya duka, na tumegombana vizuri tu bila mtu kwenda hospitali.

Sasa kuna muuguzi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alihamishwa kikazi, na siku ya kuja kuaga akaniachia kidude chake cha kuwekea nyimbo na video, kile bapa cha kuingia mfuko wa shati, chenye kioo cha kugusa kwa kidole, si simu, hakipigi wala hakipokei, kazi yake ni kukuburudisha tu, akaniambia fundi, mimi nina simu mpya, chukua hiki kikuchangamshe. Nikakichukua, mshauri, na hapo ndipo nilipojichongea.

Nataka niwe mkweli, kwa hiyo nimekipima kidude hiki faida na hasara kwa haki, nikipima kiuno cha mteja sivuti futi wala silegezi, na hapa nimefanya hivyo hivyo. Faida ya kwanza, jirani yetu ni seremala mwenye msumeno wa umeme, na ukishatia zile waya za masikioni msumeno unakufa kabisa, unamwona tu seremala anavurugika na vumbi lake kimya kimya. Ya pili, kina nyimbo mia nne za zamani ambazo yule muuguzi alikuwa ameziweka, na sikujua kama mtu aliyekuwa akinichoma sindano nilipougua ana moyo laini namna ile. Ya tatu, wateja wasumbufu wamepungua, maana mteja akianza kulalamika mimi naendelea kuitikia kwa kichwa kufuata ngoma, naye anaona amesikilizwa, anaondoka ameridhika.

Hasara nazo zipo. Kioo chake hakitambui kastabani, ile kofia ndogo ya chuma ya kukinga kidole na sindano, na mimi kidole cha kazi kina kastabani kutwa, kwa hiyo kila nikitaka kubadilisha wimbo lazima niivue, nasahau kuirudisha, najidunga, na sasa kuna shati jeupe la mteja lina kidoa cha damu kwenye kola ambacho nimekifunika kwa kifungo kisicho na kazi yoyote. Chaki nayo inakichafua, ukikigusa na vidole vya chaki kinajichagulia wimbo chenyewe. Halafu mguu wangu unakanyaga cherehani kufuata mdundo, na nilimshonea mwalimu mkuu suruali, mguu wa kulia nikaushona na wimbo wa harusi na wa kushoto na wimbo wa maombolezo, wa kulia mishono imekimbia mirefu mirefu, wa kushoto imebanana, mwalimu mkuu akitembea mguu mmoja unaonekana una haraka kuliko mwenzake. Na kuna wimbo mmoja unaonifanya nitikise kichwa upande upande, siku hiyo bibi arusi mtarajiwa aliingia kuniuliza kama nitaweza kumshonea bwana arusi suti, akaniona natikisa, akatoka kwa hasira, na mpaka leo anasema mimi nina kiburi.

Hayo yote ningeyavumilia. Linalonikosesha usingizi ni la mke wangu.

Siku ile ya kwanza alikitazama kidude akaniambia, "Baba watoto, hicho sikikatai, lakini tukiwa kazini usikitie masikioni. Mimi nitaongea na nani?" Nikamwambia, "Sawa mama watoto, nimekuahidi." Na ahadi hiyo, mshauri, niliitunza siku mbili nzima. Siku ya tatu seremala alianza kupasua mbao ngumu, nikasema moyoni wimbo mmoja tu, nikapitisha waya ndani ya shati, nikaupandisha nyuma ya shingo, nikavuta kofia yangu ya sufu ikafunika masikio, na hali ya hewa ilikuwa joto la kupika mayai, mke wangu akauliza kulikoni kofia, nikajibu kwamba nina mafua. Toka hapo nina mafua kila siku.

Basi wiki tatu zilizopita, Jumanne mchana, mdomo una pini tisa, masikioni nina wimbo wa mtu anayemlilia mama yake aliyemwacha mbali, nikainua macho nikaona mke wangu amesimamisha cherehani, amekunja mikono mapajani, anaongea. Nikadhani ananieleza kisa cha mteja, maana ana visa. Nikaitikia kwa kichwa kufuata ngoma. Akaendelea, nami nikaendelea. Aliongea muda mrefu, ubeti wa pili wote na kiitikio, na pale kwenye kiitikio mimi huwa naitikia kwa nguvu kwa sababu ngoma inaingia mara tatu, na mwishoni yule mwimbaji huwa anaimba pole pole peke yake bila vyombo, na mimi sikufichi, machozi yalinilengalenga, nikafumba macho. Nilipofumbua macho mke wangu alikuwa amesimama mbele yangu analia. Akanitoa pini mdomoni moja moja, zote tisa, akanishika uso kwa mikono miwili, wimbo ukaisha, na nikasikia maneno ya mwisho tu, "Hili sitalisahau maisha yangu yote."

Ningesema pale pale. Najua. Lakini ungeiona ile sura, mshauri, usingeweza. Nikamwambia, "Ni wajibu wangu." Sijui wajibu gani.

Tangu siku hiyo naishi kama mfalme asiyejua nchi yake iko wapi. Nyama kubwa ni yangu. Mbele ya wateja ananiita "mume wangu" kwa sauti ya kujivuna, na zamani nilikuwa "huyu". Kisha mambo yakaanza kutokea. Kile chumba cha nyuma nyumbani, tulichokuwa tunaweka majora ya vitambaa, amekitoa kila kitu akakipiga rangi. Seremala yule yule wa msumeno alikuja akang'oa kizingiti cha mlango wa chumba hicho na akapigilia ubao wa kushikia ukutani mpaka chooni, na alipomaliza akaniambia fundi, wewe ni mtu wa aina yake. Mimi nina miaka arobaini na sita, nikauangalia ule ubao, nikaanza kuhofu kwamba labda nimekubali kuwa nimezeeka. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ambaye kwa kawaida hunipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, alivuka akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akasema, "Shemeji, sisi tuliozaliwa tumeshindwa, wewe umeweza." Nikamuuliza, "Nimeweza nini?" nikicheka kidogo ili aniambie, naye akasema, "Ona na unyenyekevu wake," akaondoka. Na mama mkwe wangu, ambaye macho yamemdhoofu sana siku hizi mpaka jirani ndiye anayembonyezea simu, na ambaye miaka yote hii akiniulizia husema "na yule fundi hajambo?", alipiga simu akasema, "Mwanangu." Nilitafuta kiti nikakaa.

Nimejaribu kufanya uchunguzi. Nilimwambia mke wangu kwa ujanja, hebu nirudilie yale maneno uliyosema siku ile, yalikuwa matamu, naye akasema, "Siwezi hata kuyarudia, nilijizoeza wiki nzima na bado nilitetemeka. Bahati yangu wewe ulinielewa." Sasa nimebaki kukisia. Nimewaza labda nimekubali tuchukue mpangaji. Nimewaza labda wanakwaya watakuwa wanafanyia mazoezi mle chumbani. Siku nyingine nawaza labda nimekubali yeye ahamie chumba kile na anashukuru kwamba nimemwacha kwa amani, nikiwaza hivyo ile nyama kubwa naiacha kwenye sahani.

Nisaidie kwa mawili. Kwanza, kidude hiki nikiuze, nikigawe au nibaki nacho, maana faida zake nimekuonyesha. Pili, nitajuaje nilichokubali bila yeye kujua kwamba sikusikia. Tafadhali usiandike jina langu.

Ni mimi,
Fundi Mwenye Kofia

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Fundi. Mimi ndiye mkubwa, hilo limeonekana kuanzia mstari wa kwanza.

Tuanze na kidude, kwa sababu umekiandikia hukumu ndefu na hakina kosa. Muuguzi wa watu alikaa nacho, akatia nyimbo mia nne, akachoma watu sindano, hatukusikia mgonjwa aliyekubali jambo asilolijua. Kwako kimeharibu suruali, shati, suti na ndoa kwa muda mfupi tu. Kastabani vaa kidole kingine, au gusa kioo kwa mkono wa pili, una miwili. Chaki futa. Suruali ya mwalimu mkuu ifumue uishone upya, na kile kifungo cha kola ukakiri kwa mwenyewe. Na kama kidude kina spika, chomoa waya uweke mezani katikati ya cherehani zenu, msikilize wote. Kama hakina, kisikilize ukipiga pasi, peke yako, bila kofia. Usikiuze. Ukikiuza utamwambia mkeo kwamba umejitoa mhanga, nami nakujua sasa, utaipokea na sifa hiyo pia.

La pili. Fundi, mimi si mpiga ramli. Lakini chumba kikipakwa rangi, kikang'olewa kizingiti ili mtu asijikwae, kikawekwa ubao wa kushikia mpaka chooni, kisha shemeji yako akakushukuru kwa kuweza walichoshindwa wao waliozaliwa, na mama yao ambaye haoni vizuri akakuita mwanangu, unahitaji kweli kuandika gazetini? Kwaya, Fundi? Kwaya ishike ubao iende chooni? Mama mkwe wako anakuja kuishi nyumbani kwako. Naweza kukosea, lakini nimewasomea barua yako watu watatu hapa ofisini, na wote walijua kabla sijafika kwenye simu. Mmoja ni kijana kapera ambaye hana mama mkwe.

Sasa nikuambie kilichoniudhi. Umeandika mengi kuhusu nyimbo na msumeno, na mstari mmoja tu kwamba mkeo alijizoeza wiki nzima. Wiki nzima, Fundi. Ameketi mbele yako siku sita akishona sare za watoto wa watu, anapanga maneno, anayapangua, anaogopa utaguna mara mbili. Amechagua saa ambayo mikono yako ina kazi na mdomo una pini ili usimkatize kabla hajamaliza. Amekuomba mama yake. Na wewe ulikuwa unamwitikia mwimbaji. Machozi aliyoyaona akadhani ni ya mama yake, kumbe ni ya mama wa wimbo. Kaa na hilo kidogo kabla hujageuza ukurasa.

Unaniuliza utajuaje bila yeye kujua kwamba hukusikia. Hilo sikusaidii. Si kwamba njia haipo, ipo, ungeweza kungoja tu mpaka mgeni afike na mabegi yake, ukajifanya ulijua. Lakini humo ndani ya nyumba utakuwa na mkeo anayekushukuru kila siku kwa neno ambalo hukulisema, na siku mama akiugua, au akikukera, na watu wanaoishi pamoja hukerana, mkeo atakuambia, "Wewe mwenyewe ulikubali ukilia." Utamjibu nini? Utamwambia siku hiyo? Afadhali umwambie sasa, chumba kikiwa bado kinanuka rangi.

Fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla hamjafungua duka, usikae kwenye kiti chako. Chukua kigoda ukae upande wake wa cherehani, ubavuni kwake. Vua kofia, muonyeshe na waya. Kisha umwambie, "Mama watoto, nilivunja ahadi. Siku ile sikusikia hata neno moja. Niambie tena, nakuangalia." Basi. Usianze na msumeno wa seremala. Usitaje faida. Usiseme lakini.

Atakasirika, na akikasirika usimkumbushe jinsi alivyokushukuru. Anaweza kusema hawezi kurudia. Mngoje. Ukishasikia, ukaona ni kweli ni mama yake, jibu linabaki kuwa lako, na unayo haki ya kukataa, nyumba ni yenu wote na mzigo si mdogo, mtu mzima asiyeona vizuri anahitaji kushikwa mkono, kusomewa dawa, kusikilizwa kisa kile kile mara nne. Kataa kwa mdomo wako kama unakataa, ueleze kwa nini, na ubebe aibu yake mwenyewe.

Ila nimeirudia barua yako mara mbili, na nakuona. Ulipoitwa mwanangu ulitafuta kiti ukakaa. Mwanaume atakayekataa hahitaji kiti. Wiki tatu umekuwa mtu mwema kwa bahati mbaya, na nahisi umependa. Sasa uwe hivyo kwa makusudi. Na ujue kabisa kwamba huyo mama hataona ukimwitikia kwa kichwa, wala hatajua umeinua nyusi. Akikuuliza jambo, itakubidi utoe pini useme.

Mkeo akinuna siku mbili tatu, shona kazi zako na uvumilie, ana haki ya kununa hata wiki. Siku atakayosimamisha cherehani yake akakuuliza, bila kukutazama, kama chai imekolea sukari, ujue ameanza kukusamehe. Mjibu.